Maskini wa Kiasi

Siku nilipoachishwa kazi, shangazi yangu Ursuline alipiga magoti katikati ya jiko akamshukuru Mungu kwa sauti iliyowafikia wapangaji wa juu. Kisha akainuka kwa kushikilia meza, akakung'uta gauni, akaniuliza kama nimeachishwa kwa maandishi au kwa mdomo.

"Kwa keki, Tanti," nilimjibu. "Wametukatia keki. Juu yake wameandika kwa sukari: Asanteni."

"Keki haina mhuri. Kesho rudi ukadai barua."

Msimwone katili. Tanti Ursuline alinilea kule Gouyave, kisiwani Grenada, tangu nikiwa na meno ya utotoni. Akanitangulia Brooklyn, akaniita, nikamfuata, na tangu nifike nimelala kwenye kochi lake la kukunjua, katika nyumba ya chini ya ardhi pale Flatbush. Hakuna anayenitakia mema kumzidi. Ila siku chache kabla ya keki hiyo nilikuwa nimenyimwa nyumba kwa kosa la utajiri, na Tanti alikuwa akiomba asubuhi na jioni utajiri huo uniondoke.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye jengo jipya liitwalo Marigold, kona ile palipokuwa na gereji, karibu na Church Avenue. Ghorofa kumi na nne za vioo. Nyingi ni za watu wanaotembeza mbwa wenye makoti. Chache zimetengwa kwa ajili ya watu kama mimi, kwa sababu tajiri aliyejenga alisamehewa kodi ya serikali ili atutengee, na hizo chache hugawiwa kwa bahati nasibu. Miaka saba nilijaza majina yangu katika bahati nasibu za mtaa mzima, jengo baada ya jengo, hadi nikazoea kama mtu anavyozoea kukohoa. Mara hii namba yangu ikaitwa.

Kuitwa si kupewa. Kuna mstari wa juu na mstari wa chini. Kipato chako kikiruka wa juu, wewe tajiri, nenda ukapange kwa bei ya matajiri wenzako. Kikianguka chini ya ule wa chini, wewe fukara, kodi ya nyumba itakushinda, kaa mbali. Katikati pana upenyo, mwembamba kama nafasi ya treni saa ya kutoka kazini, na humo ndimo anamotakiwa kusimama mtu wa kipato cha chini. Asiwe wa chini sana. Awe maskini wa kiasi.

Na muda ulikuwa unatubana. Mwenye nyumba yetu alikuwa amefariki na watoto wake wanauza, wote tutoke kabla ya Julai. Tanti hakujali kwa upande wake. Alikwishastaafu, na kule Gouyave nyumba yake aliyoijenga kwa miaka ishirini, mwezi huu saruji, mwezi ujao mabati, ilikuwa imekamilika hadi mapazia. Tiketi ya ndege alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa mimi.

"Sipandi ndege nikuache kwenye kochi la mtu," alisema. "Tiketi itaoza, nyumba italiwa na mchwa, nami nitafia hapa kwenye baridi. Na itakuwa kwa sababu yako."

Kwa hiyo mkijiuliza nilikuwa nagombania nini: nilikuwa nagombania chumba kimoja chenye dirisha, na bibi mmoja apande ndege.

*

Utajiri wangu ulitoka mbinguni, kwa maana kwamba ulikuwa theluji.

Nilikuwa nafanya kazi katika makao ya wazee. Nawaogesha, nawabadilisha nepi, nawasikiliza wakinilalamikia binti zao. Februari ile theluji ilianguka siku tatu mfululizo, treni zikasimama, wenzangu wa zamu wakashindwa kufika. Nilibaki. Ningefanyaje? Mzee hawezi kuambiwa asubiri nepi mpaka barabara izolewe. Nilifanya zamu mbili mbili, nikalala kwenye kiti cha magurudumu, na mwisho wa mwezi wakanilipa saa za ziada zote, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko ilivyopasa.

Maana hati za mshahara za mwezi huo ndizo ambazo ofisi ya Marigold ilizitaka.

Aliyeshika faili langu aliitwa Petrakis, kijana mwembamba wa sweta, mwenye uso wa mtu anayevaa viatu vinavyombana. Alikuwa mpole sana. Sijawahi kukutana na mtu anayeomba radhi kama yule. Alinikaribisha akaomba radhi kwamba kiti ni kigumu, akaomba radhi kwamba kalamu haiandiki, halafu akageuza kikokotoo chake kunionyesha.

"Naomba radhi, Bi Modeste. Umezidi."

"Nimezidi nini?"

"Tunachukua unachopata sasa, tunakizidisha kwa mwaka mzima."

"Lakini ilikuwa theluji."

"Naelewa."

"Unataka kuniambia theluji hiyo itaendelea kuanguka mpaka Agosti?"

"Kwa hesabu," alisema, na masikio yakamwiva, "ndiyo. Naomba radhi kweli."

Alinipa siku kadhaa za kukata rufaa. Siku hizo zilikuwa hazijaisha, kampuni mpya ikayanunua makao yetu, ikaja na watu wake, na sisi tukapewa keki.

Sasa mnaelewa kwa nini Tanti alipiga magoti.

*

Nilirudi kwa Petrakis nikiwa na barua ya kuachishwa kazi, yenye mhuri. Nilikuwa nimevaa vizuri, kama mtu anayeenda kupokea pongezi. Niliiweka mezani.

"Sina kazi," nilisema. "Utajiri umekwisha."

Aliisoma, akatabasamu, akanipa pole, akatabasamu tena kwa sababu alikuwa anajua maana yake kwa faili langu. Akachukua fao langu la kukosa ajira, lile serikali inalonipa kwa miezi michache nisife, akalipigia hesabu. Tabasamu likaondoka polepole.

"Naomba radhi..."

"Usiombe. Sema."

"Umepungua."

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa tajiri!"

"Ndiyo. Sasa uko chini ya mstari wa chini. Nyumba zetu ni za watu wa kipato cha chini, Bi Modeste, lakini..."

"Lakini si chini hivyo."

"Si chini hivyo."

Nilikaa pale nikimtazama. Sikulia, sina tabia hiyo mbele ya watu wenye sweta. Nadhani macho yangu makavu yalimwumiza kuliko machozi, kwa sababu aliinamia meza akashusha sauti kama anayeniuzia kitu cha magendo.

"Una ndugu? Mtu akikupa msaada kila mwezi, si mara moja bali kila mwezi, sisi tunauhesabu kama kipato. Aandike barua, atie sahihi, aambatishe karatasi ya benki kuonyesha anao uwezo. Wengi hawana watu wa namna hiyo, ndiyo maana sikutaja."

"Bwana Petrakis," nilimwambia huku nikifunga koti, "mimi natoka Grenada. Watu ndicho kitu pekee tulicho nacho."

*

Tanti Ursuline ndiye mshika upatu wa wanawake tisa, wote wa kwetu, wote waliozeeka Brooklyn wakiosha wagonjwa na kulea watoto wa wengine. Upatu wao una sheria moja tu, nayo imeudumisha kuliko ndoa zao: kila mtu anatoa sawa. Mwenye nyumba tatu na asiye na hata kitanda, sawa. Hakuna wa kujidai wala wa kuona haya.

Aliwaita Jumamosi moja, akawamiminia chai, akawaeleza shida yangu. Halafu akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kushika fedha za watu.

"Safari hii si mchezo, ni msaada," alisema. "Kila mtu aandike anachoweza."

Bi Dorcas Alexis akawa wa kwanza kuweka kikombe chini. Lazima niwaeleze huyu. Dorcas alikuwa sista mkuu wa wodi kwa miaka mingi, ana pensheni nono, ana nyumba ya matofali Canarsie, na ana sauti ambayo haikuwahi kuhitaji spika. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege Tanti alipokuwa zamu. Alitaja kiasi chake palepale, kwa sauti, akitutazama mmoja mmoja. Kilikuwa kikubwa. Mtu mmoja alipaliwa na chai.

"Ni kidogo tu," Dorcas alisema, "lakini ndicho alichonijalia Bwana. Wengine msione haya, toeni mnachoweza."

Enid, ambaye anaokota makopo barabarani ili kuongezea pensheni yake, alikunja midomo kama mtu aliyeng'ata ndimu. Niliona, sikutilia maanani.

Wiki iliyofuata waliniletea barua zao. Kila moja ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na juu yake jina, kama sadaka. Nilipotaka kuichungulia ya Enid alinipiga kofi mkononi.

"Weka huko! Humo mna karatasi yangu ya benki. Unataka kuniona uchi?"

"Nataka kujua nijumlishe vipi, Tanti Enid."

"Mjumlishaji yupo ofisini. Wewe peleka."

Nikapeleka. Bahasha tisa, sikufungua hata moja.

*

Jumapili baada ya hapo tulipanga kula pamoja uani kwetu, kuwashukuru. Tanti alipika shelisheli kama inavyopikwa kwetu: chungu kimoja kikubwa, chini nyama ya chumvi, juu yake shelisheli, majani ya magimbi, vipande vya unga vilivyosokotwa, tui la nazi mpaka likaukie ndani. Haikorogwi. Anayekoroga anafukuzwa.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na kanisa, na mimi huimba kwaya. Nilikuwa nimesimama mbele, joho safi, mdomo wazi kwa sauti ya pili, mchungaji akafika kwenye matangazo. Akatangaza safari ya vijana. Akatangaza gari lililozuia mlango. Kisha akasema:

"Tumkumbuke katika maombi dada yetu Avelyn Modeste, asiye na kazi wala makazi, ambaye Sista Dorcas amejitolea kumtunza."

Kanisa zima likakaza macho. Si kwa Dorcas, kwangu. Dorcas aliinua tu mkono kidogo akiwa amekaa, kama malkia anayetaka watu wapunguze makofi. Kwenye ngazi, tulipotoka, mzee mmoja nisiyemjua alinitia mkononi kopo la dagaa akanipapasa bega.

Nilifika uani na kopo langu. Naapa nilikuwa nimeamua kunyamaza. Niliwapakulia wote, Dorcas kwanza, kwa heshima ya umri. Alikuwa kwenye kiti chenye kivuli, akiwasimulia wenzake jinsi mchungaji alivyoguswa na habari yangu.

"Avelyn, mtoto, mbona sahani yako iko hivyo?" aliniita. "Ongeza nyama, ongeza! Siku ukipewa, kula ushibe. Hujui kesho atakupa nani."

Watu walicheka kidogo, kicheko kile cha kuficha macho. Nikaweka mwiko chini.

"Tanti Dorcas," nilisema, "mkono wako unatoa vizuri. Shida ni mdomo wako. Unaufuata mkono nyuma nyuma ukidai na riba."

Hata redio ya jirani ilionekana kupunguza sauti ili isikilize.

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Kanisa zima halikuwa na haja ya kujua nalala wapi."

"Mimi?" Dorcas alisimama. "Mimi niliyekupokea uwanja wa ndege una viatu vya kitambaa, Januari? Nani alikuvika koti?"

"Wewe. Na kila Krismasi unalitangaza upya. Koti lile lingekuwa mtoto, leo lingekuwa limemaliza shule."

Mtu alicheka, nadhani alikuwa Enid, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Dorcas aliweka sahani yake juu ya kiti, ikiwa imejaa. Kwetu hakuna anayeondoka kwenye chungu cha shelisheli bila kufungashiwa. Hata adui hufungashiwa, unamkunjia karatasi ya foili huku umemnunia. Tanti alimkimbilia na foili mkononi. Dorcas akaipita kama nguzo ya taa.

"Kesho," alisema akiwa mlangoni, "kabla sijanywa chai, barua yangu naifuta. Muone atakaa wapi na ulimi wake."

Tanti Ursuline aliosha vyombo vyote mpaka cha mwisho. Kisha akakaa kwenye kochi, lile lile ninalolala.

"Wewe umefukuzwa kazi ukapona. Sasa umejifukuza mwenyewe kwenye nyumba. Unajua kiasi alichotaja Dorcas ni kikubwa vipi?"

"Najua."

"Bila yeye unarudi chini ya mstari."

"Najua, Tanti."

"Basi kesho unakwenda Canarsie, unamwomba msamaha."

Kusema kweli usiku ule nilikuwa nimeanza kulainika. Si kwa sababu nilidhani nimekosea. Nililainika kwa sababu nilimwona Tanti akifungua pochi, akaitazama tiketi yake, akairudisha. Nilijiambia, sawa, nitakwenda, nitasema maneno hayo mawili, yatapita kooni kama dawa. Lakini kwanza nilikuwa nimeitwa na Petrakis.

*

Alikuwa amezipanga barua mezani kama anayecheza karata peke yake. Nilipoingia alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Bi Modeste, naomba radhi. Sijui niseme vipi. Una watu wanaokupenda."

"Hilo nalo ni kosa?"

"Kwa kiasi hiki," alisema, "ndiyo."

Akanigeuzia barua. Niliisoma ya Enid kwanza. Enid wa makopo, Enid anayekata sabuni nusu ili idumu, alikuwa ameahidi kunipa kila mwezi zaidi kidogo ya alichokitangaza Dorcas pale kwenye chai, na karatasi yake ya benki ilionyesha akiba ya kutosha. Nikasoma iliyofuata. Zaidi kidogo ya Dorcas. Iliyofuata. Zaidi kidogo. Tanti yangu mwenyewe, atakayeishi Gouyave kwa pensheni na kuku, zaidi kidogo. Wote wanane, ukimtoa Dorcas, walikuwa wamekwenda nyumbani, kila mmoja akafunga mlango, akakaa na kalamu, akaapa kwamba Dorcas Alexis hatamshinda.

Nilicheka mpaka Petrakis akaniletea maji. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona namba aliyoizungushia duara chini.

"Nimezidi tena."

"Juu ya mstari wa juu. Naomba..."

"Kwa hiyo mtu asiye na kazi, asiye na nyumba, anayelala kwenye kochi, ni tajiri kwa sababu vikongwe wanashindana."

"Kwa karatasi, ndiyo. Ila," alivuta droo, "leo asubuhi imeletwa hii. Mwanamke mwenye kofia. Amesubiri mlangoni kabla hatujafungua."

Mwandiko nikautambua, wima kama vitanda vya wodi. *Mimi Dorcas Alexis, mwenye akili timamu, natangaza kwamba simpi Avelyn Modeste hata senti moja, leo wala mwezi wowote, na asithubutu kunitaja.* Sahihi. Na mhuri wa mwanasheria. Alikuwa amelipia mhuri.

Petrakis akachukua kikokotoo. Akaondoa cha Dorcas. Akafuta, akaanza upya toka mwanzo, akaondoa tena. Nilitazama masikio yake, maana nilikuwa nimeshajifunza kusoma habari huko. Hayakuiva.

"Umeingia," alisema taratibu. "Kwa kubanwa, lakini umeingia. Uko ndani ya mstari."

"Sema tena."

"Unastahili, Bi Modeste. Unasaini Ijumaa." Kisha uoga wake ukamrudia. "Nisikilize. Mpaka utakaposaini, chochote kikibadilika lazima unijulishe nami lazima nihesabu upya. Ule upenyo uliobaki hautoshi hata mtu mmoja zaidi. Hakuna mwingine anayepanga kukusaidia kabla ya Ijumaa?"

"Nitajitahidi pasiwe na mtu."

"Na tafadhali usipate kazi."

"Je, baada ya Ijumaa?"

"Baada ya Ijumaa pata hata tatu. Mkataba ukishasainiwa, kipato kikipanda hatukufukuzi."

Msidhani alikuwa anatania. Jumatano hospitali moja ilinipigia simu, wana nafasi, naweza kuanza lini? Nilisimama katikati ya njia ya miguu nikamsihi yule mama, kwa adabu zangu zote, asinipe kazi hiyo mpaka Jumatatu.

*

Alhamisi mchana Tanti Ursuline alirudi kutoka sokoni akiwa na uso unaong'aa, na nyuma yake, kofia na pochi na manukato, akaingia Dorcas.

Nilikuwa sijamwambia Tanti yote. Nilimwambia tu mambo yanakwenda vizuri. Wamejuana tangu wakiwa wasichana, na kinachoingia sikio la mmoja hutokea kwenye mdomo wa mwingine, na kilichofika mdomo wa Dorcas kinafika madhabahuni. Kama Dorcas angejua kwamba hasira yake ndiyo iliyonipa nyumba, ama angeirudisha barua kwa ukarimu, ama angeirudisha kwa kunikomoa, na katika yote mawili Petrakis angechukua kikokotoo.

"Nimekuja," Dorcas alisema. Hakukaa. "Ursuline amenililia. Na mimi si mtu wa kuweka kinyongo na watoto."

"Karibu, Tanti Dorcas."

"Nimezungumza na Bwana juu yako. Nipo tayari kuandika barua mpya. Leo hii, naipeleka mwenyewe ofisini kabla hawajafunga." Akainua vidole viwili. "Mara mbili ya ile ya kwanza."

"Mara mbili!" Tanti alipiga makofi, machozi yakamlengalenga. "Umesikia, mtoto? Nani mwingine angefanya hivyo?"

Huyu mwanamke alikuwa amesimama mbele yangu akininyang'anya nyumba kwa mikono miwili, na moyo wake, nauona kabisa, ulikuwa mweupe. Pengine hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpenda.

"Ninachotaka ni kitu kimoja kidogo," aliendelea. "Ulinivunjia heshima mbele ya watu. Sema samahani. Mchungaji si lazima awepo. Hapa hapa, tukiwa watatu, inatosha."

"Sema, Avelyn," Tanti alinong'ona. "Sema tumalize. Juni hii hapa."

Nilifikiria kumvuta Tanti jikoni nikamweleza. Dorcas angetusikia, ukuta ule ni karatasi. Nilifikiria kusema samahani na kumkataza asitoe. Dorcas kukatazwa kutoa? Angetoa mara tatu.

Na ukiacha nyumba, ukiacha mistari yote ya juu na ya chini, kulikuwa na jambo jingine. Nilichosema kilikuwa kweli.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini?"

"Siombi msamaha."

Tanti alishika kichwa. Dorcas alinikazia macho kama anayesoma kipimajoto asichokiamini.

"Unaelewa ninachokupa? Mara mbili, nimesema. Huombi, hata kwa ajili ya nyumba?"

"Hasa kwa ajili ya nyumba."

"Una kiburi kuliko marehemu mama yako!"

"Pengine."

"Wiki ijayo utakuja Canarsie unatambaa."

"Wiki ijayo nitakuja Canarsie nikitembea, nikusalimie, na jibu litakuwa hilo hilo. Niliyoyasema uani niliyasema nikiwa na akili zangu, Tanti Dorcas, na nikiulizwa nitayarudia neno kwa neno. Siombi msamaha."